Kinanda cha simu kinachelewa kwenye spika: je, nisubiri kompyuta mpya ndipo nifundishe muziki?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Mbagala. Darasa langu la tano lina watoto 94. Napenda muziki na nimeamua kuingiza teknolojia katika vipindi vya sanaa. Nina kompyuta mpakato yangu ya zamani, RAM ya GB 4, simu, na spika ya Bluetooth niliyonunua Kariakoo. Projekta ipo moja kwa shule nzima. Juzi nilipakua programu ya kinanda kwenye simu, nikaiunganisha na spika, nikamwita mtoto mmoja apige huku wenzake wakipiga makofi. Ikawa vurugu: anabonyeza, sauti inakuja baadaye, makofi yanapotea, darasa zima linacheka. Mwalimu mwenzangu anasema vifaa vyangu ni dhaifu, nisubiri nipate kompyuta yenye nguvu na kadi ya sauti. Mwingine anasema muziki wa kompyuta utawafanya watoto wasahau ngoma. Na wazazi wawili wameshakuja kuuliza kama nafundisha singeli. Je, nisubiri? Nisiposubiri, nianzie wapi?*

Marahaba, mwalimu. Usisubiri, na hela ya kompyuta iache mfukoni kwanza. Vifaa ulivyotaja vinatosha kuanza, na kimoja tu kati yake ndicho kilichokuangusha siku ile. Si simu wala kompyuta. Ni ile spika, au tuseme njia uliyotumia kuipelekea sauti.

Bluetooth hairushi sauti moja kwa moja kama waya. Simu kwanza inaibana sauti ili iwe ndogo, inaikata vipande, kisha inavirusha hewani kimoja kimoja. Spika inavipokea, inavipanga foleni, inavifungua, ndipo inavitoa. Foleni hiyo imewekwa kwa makusudi, maana mawimbi ya redio hukatikakatika, na bila akiba ya vipande kadhaa muziki ungekwama kila mtu anapokatiza kati ya simu na spika. Akiba hiyo inalipiwa kwa muda. Kwa spika nyingi za kawaida sauti huchelewa kati ya milisekunde 100 na 300, na ukiongeza muda ambao simu yenyewe inatumia kutambua kidole kimegusa kioo, unapata ile vurugu uliyoiona.

Najua swali linalofuata: mbona nikiangalia video kwa spika hiyohiyo, midomo na sauti vinaendana? Kwa sababu simu inajua kwamba spika itachelewa, kwa hiyo inaizuia picha kidogo ili vifike pamoja. Kidole cha mtoto haiwezi kukizuia. Ndiyo maana spika hiyo ni nzuri kwa kusikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa na haifai kabisa kwa kupiga chombo papo hapo.

Hebu tuipigie hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Spika ikichelewa milisekunde 250, sauti ya mtoto inaangukia katikati kabisa ya makofi mawili. Kwa singeli ya mapigo 240 kwa dakika ni balaa zaidi, kwa kuwa pigo hadi pigo ni milisekunde 250 tu: alichobonyeza kwenye pigo la kwanza kinasikika wenzake wakiwa la pili. Halafu mtoto akishagundua sauti haiji, anaanza kuisubiri. Akiisubiri, kidole chake kinachelewa, sauti inachelewa tena juu ya hapo, na mwendo unazidi kuvutwa nyuma. Mtoto wako hakukosea mdundo, mwalimu. Mwambie hivyo mbele ya wenzake waliomcheka.

Tena kuchelewa kwa sauti hakukuanza na simu. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Paredini, ngoma ikiwa mbele na mstari ukiwa na urefu wa mita 50, aliye mwisho anaisikia kwa kuchelewa kama milisekunde 150, na sauti yake ya kuimba inachukua muda uleule kurudi mbele. Wanaoonekana wanauburuta Wimbo wa Taifa wakati mwingine wanafuata masikio yao vizuri kabisa. Sikio la mpigaji kwa kawaida huvumilia milisekunde 10 bila kusumbuka. Zikifika 20 au 30 anaanza kuhisi chombo kizito. Zikipita 100 hakuna muziki wa pamoja.

Dawa ni waya. Geuza spika yako uangalie nyuma, mara nyingi kuna tundu la AUX (la kuingizia sauti kwa waya) lenye kifuniko cha mpira. Nunua waya wa AUX wenye ncha mbili sawa, ni kitu cha elfu chache, uchomeke kwenye simu au kompyuta. Kama simu yako ni ya kisasa isiyo na tundu la hedifoni, utahitaji kiunganishi cha USB-C. Zima Bluetooth kabisa, si kuiacha imelala, vinginevyo simu itaikumbatia spika tena bila kukuuliza. Kuna spika chache ambazo hata kwa waya huchelewesha kidogo, kwa hiyo ukienda dukani nenda na simu yenye kile kinanda, ugonge kioo palepale kaunta kabla ya kulipa.

Na sasa nakuomba usiitupe aibu ya juzi, kwa sababu ndani yake kuna kipindi kizima. Weka Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, kwenye kompyuta. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaipakua, na kompyuta yako itaimudu. Omba simu ya pili ya mwalimu mwenzako (huyo wa vifaa dhaifu), iwashe irekodi, iweke mezani kati ya simu yenye kinanda na spika iliyounganishwa kwa Bluetooth. Mtoto agonge kioo kwa ukucha, kwa nguvu kidogo. Ile rekodi itanasa vitu viwili: mlio wa ukucha ukigonga kioo, na sauti ya kinanda kutoka kwenye spika. Ifungue kwenye Audacity, itupe ukutani kwa projekta, ivute ikuzike. Watoto wataona mwiba mmoja mwembamba, nafasi tupu, kisha tumbo la sauti. Buruta kipanya kutoka mwanzo wa kimoja hadi mwanzo wa kingine na chini ya skrini utasoma urefu wa nafasi hiyo kwa sehemu za sekunde. Chomeka waya, rudia. Nafasi itasinyaa mbele ya macho yao. Hapo umefundisha sauti, kipimo, desimali na kutoa, kwa kompyuta moja, na hakuna mtoto aliyekaa bila kazi ya kutazama na kukisia.

Mwenzako anayesema usubiri kompyuta yenye nguvu ana nusu ya haki. Kompyuta nayo ina foleni yake ya ndani, wanayoiita bafa. Sauti ya kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Bafa ya vipimo 256 inachelewesha kama milisekunde 6, ya vipimo 1,024 kama 23. Kompyuta dhaifu ukiipunguzia bafa sana inaanza kukwaruza, kwa hiyo unalazimika kuiongeza, na kuchelewa kunarudi. Kadi nzuri ya sauti inasaidia hapo. Lakini hilo ni tatizo la mtu anayetaka kuipiga kompyuta kama chombo. Kwa darasa lako nakushauri usiipige kwanza. Ifanye iwe sikio.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Walimu wengi wakisikia teknolojia ya muziki wanafikiria vinanda vya skrini na midundo ya kubonyeza, kisha wanatazama watoto 94 na kompyuta moja, wanakata tamaa. Ukiwa na kompyuta moja na chombo kikiwa humohumo ndani yake, mmoja anapiga na 93 wanagombana. Kompyuta ikiwa inarekodi na kuwasikilizisha watoto walichokipiga wenyewe, wote 94 wanafanya kazi, na ucheleweshaji hauna madhara, maana hakuna anayesubiri sauti itoke.

Anza na vitu vilivyopo: ngoma moja au mbili, kayamba, manyanga, vifuniko vya soda vilivyotobolewa na kufungwa kwenye waya, makofi. Gawa makundi. Wengine wapige, wengine waimbe, wengine wasikilize na kuandika walichosikia, wanne au watano wawe kwenye kompyuta na simu. Kila kipindi wabadilishane. Hapo kwenye kompyuta andika majina kwenye karatasi na uyafuate. Usipofanya hivyo, wavulana walewale wanne watakalia kiti hadi mwaka uishe, na wasichana watapewa kuimba.

Kuhusu kurekodi nitachelewachelewa kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu. Simu ina kipimo chake cha kujirekebisha. Ukiiweka jirani na ngoma, pigo la kwanza linapasuka, simu inashtuka na kuishusha sauti yote, na kayamba inamezwa. Irudishe mita mbili hivi, iweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isinase mtikisiko wa meza, na wenye sauti ndogo wakae mbele, ngoma nyuma. Ukuta mtupu wa saruji na paa la bati vinarudisha sauti hadi maneno hayasikiki. Chini ya mwembe panaweza kuwa bora kuliko darasani, ila chunga upepo na honi za bodaboda. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Si kwa ajili ya simu zinazoingia tu: siku utakapoiunganisha na projekta, hutaki ujumbe wa mkopo wa M-Pesa utokee ukutani mbele ya darasa la tano.

Kitu kingine kinachowakatisha tamaa walimu: simu nyingi hurekodi kwa mtindo wa m4a, na Audacity kwenye Windows haiufungui hadi uiongezee maktaba inayoitwa FFmpeg. Njia rahisi ni kutafuta programu ya kurekodi inayohifadhi WAV, yaani sauti isiyobanwa. Chagua mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stereo. Dakika moja ya WAV ya mono ni kama MB 5, ya stereo ni kama 10, na kwa ngoma iliyorekodiwa na simu moja stereo haikuongezei kitu. Usihamishe rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani inabanwa hadi kayamba inasikika kama mafuta yanayochemka. Tumia waya wa USB, au itume kama faili.

Ukishaifungua, waache watazame kabla hujaeleza. Ngoma huchora mwiba mrefu wenye mkia unaofifia. Kayamba ni kama brashi, nywele nyingi zilizosongamana. Mtoto anayeimba anachora matumbo yanayovimba na kupungua. Waulize: nani aliingia mapema? Wataonyesha kwa kidole, na mara nyingi watagundua kuwa aliyelaumiwa siye. Punguza mwendo wa rekodi bila kubadilisha kimo cha sauti (wembamba au unene wake), Audacity inaweza, ili wasikie jinsi ngoma ndogo inavyojibu ngoma kubwa. Kata pigo moja zuri, lirudie mara nane, na hapo wamejitengenezea mdundo kutoka kwenye ngoma yao. Nimeona darasa likinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwa sababu tu wanasikiliza kikohozi cha mwenzao kilichorudiwa rudiwa hadi kikawa muziki.

Baadaye utataka kupandisha sauti juu ya sauti: kundi la kwanza linarekodi ngoma, la pili linaisikiliza na kuimba juu yake. Hapo utakuta sauti ya pili imekaa nyuma ya ya kwanza. Usiogope. Kwenye mipangilio ya Audacity kuna mahali pa kuisogeza rekodi mpya kwa milisekunde unazotaka. Programu inakuja imekisia 130 kurudi nyuma, na wewe unarekebisha kwa kupima makofi, kama mlivyopima ukucha. Wanaoimba wasikilize kwa hedifoni ya waya, angalau kiongozi wao, la sivyo ngoma ya mwanzo itaingia tena kwenye maikrofoni.

Sasa hofu ya ngoma kusahaulika. Siwezi kusema haina msingi. Ukianza na midundo iliyotengenezwa tayari, ambayo karibu yote iko kwenye mapigo manne yaliyonyooka na ngazi ya kinanda ya hatua 12 zilizo sawa, watoto watajifunza kuwa huo ndio muziki na mengine ni makosa. Chukua Wagogo wa Dodoma, ambao marehemu Hukwe Zawose aliwafikisha kwenye majukwaa ya dunia. Ngazi yao ya sauti inafuata sauti asilia zinazojificha ndani ya uzi mmoja unapotikisika. Mojawapo, ya saba katika mfuatano huo, iko chini ya sauti iliyo jirani kwenye kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Programu ya kupimia sauti itakuonyesha taa nyekundu, na programu ya kunyoosha sauti itaisukuma hadi iharibike. Kwa hiyo ukiwa na mtoto anayepiga zeze au ilimba (marimba ya vidole ya Wagogo), rekodi kama ilivyo na uzime kila kinachojiita kirekebishi. Hapo mashine inaihifadhi ngoma.

Na wazazi wawili waje tu darasani wasikie. Singeli ni ya hapahapa Dar, imetoka Uswahilini kwa vijana wenye kompyuta za kawaida, na kabla yake kulikuwa na mchiriku uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio. Kinachowatisha wazazi ni maneno, na wana haki. Chukueni mwendo wake, maneno watunge watoto: jedwali la saba linakaa vizuri sana kwenye mapigo 200. Jambo moja tu ulikatae, hata wanafunzi wakikubembeleza: kuchukua wimbo wa msanii, kuukata na kuusambaza kama kazi ya shule. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na darasani ni mahali pazuri pa kuanza kuiheshimu.

Kwa moyo huohuo, usiweke nakala ya wizi ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwa sababu prodyuza wa mtaani anayo. Hizo nakala ndizo zinazoleta virusi. Toleo lake la majaribio ni la bure ila halifungui tena kazi uliyoihifadhi, jambo linalomvunja moyo mtoto kuliko kukosa programu kabisa. Mkishamaliza mambo ya Audacity, jaribuni LMMS, programu ya kutungia midundo, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Kwa RAM yako isizidishiwe vyombo. Na umeme wa TANESCO unaujua: hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na spika iwe yenye betri yake.

Ikitokea shule ikapata fedha kidogo, mimi ningenunua spika nzuri ya waya kwanza, maikrofoni ya USB pili. Kinanda cha MIDI (kile cha kupigia sauti zilizomo kwenye kompyuta) kingefuata baadaye sana.

Kabla hujaweka sauti au video ya mtoto yeyote mtandaoni, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi na idhini ya mwalimu mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu sauti na sura ya mtoto pia. Kuwapigia wazazi rekodi kwenye kikao cha shule kunatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Yapo mambo ambayo mimi wa mbali siwezi kukusaidia. Ukiunganisha vifaa na vyombo vya matangazo vya shule, ukasikia mngurumo usiokoma au ukahisi mkwaruzo wa umeme ukigusa maikrofoni, chomoa yote, watoto wakae mbali, na mwite fundi umeme kabla ya kipindi kingine. Kama baada ya kutumia waya bado kinanda kinachelewa waziwazi, peleka kompyuta na simu kwa mtu wa studio akutazamie mipangilio. Mbagala hawakosekani, na wengi watafurahi kualikwa darasani mkishakubaliana maneno yatakayotumika. Ukitaka mafunzo ya muziki wenyewe, TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, hakiko mbali, waulize kuhusu kozi fupi.

Na katika mazoezi haya ya kusikiliza unaweza kumgundua mtoto ambaye kila mara anakosa sauti ndogo, anageuza kichwa upande mmoja, au anangoja jirani yake acheke ndipo acheke. Usimwite mtundu. Mhamishie mbele, na mzazi wake mweleze kwa faragha ampeleke kituo cha afya wamwangalie masikio. Wakiona haja, watampa rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.